Kijiko cha jikoni kwako ni mililita ngapi?

Jumanne jioni mwanangu wa darasa la nne alirudi na kazi ya nyumbani ya hisabati, maswali kumi. La kwanza liliuliza kipimo gani kinafaa kupimia urefu wa mlango: kilomita, mita au milimita. La pili liliuliza dawa ya maji ya mtoto ipimwe kwa lita au kwa mililita. Alijibu yote chapuchapu ili awahi katuni, akanikabidhi daftari nimsahihishie. Kwenye mlango aliweka mita, sawa. Kwenye dawa aliweka lita.

"Mtoto atakunywa lita nzima ya dawa?" nikamuuliza.

"Si kijiko tu, mama?"

Baba yake alicheka kule sebuleni. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda hospitalini kumjulia hali mtoto wa jirani yangu, na kilichompeleka pale kilikuwa ni kijiko.

Mtoto alikuwa na homa. Mama yake akaenda naye zahanati, akapewa dawa ya maji ya paracetamol, chupa ya mililita 60, na maelekezo ya kumpa 5 ml mara tatu kwa siku. Kesho yake mama alikuwa na safari ya kikazi, hivyo akamwachia bibi. Akamwambia vizuri tu: "Mama, mpe kijiko kimoja asubuhi, mchana na jioni." Bibi akachukua kijiko kilichokuwa karibu, kile tunachopakulia mchuzi mezani, akakijaza, akampa mjukuu. Alifanya hivyo kwa uangalifu wote, hakusahau hata dozi moja.

Siku ya pili asubuhi chupa ikaisha. Bibi akatuma mtu duka la dawa akanunue nyingine. Muuza dawa, ambaye angeweza kupokea hela na kunyamaza, akauliza dawa imeanza kutumika lini. Alipoambiwa jana, akauliza tena: "Mnampimia na kijiko gani?"

Hebu tupige naye hesabu. Chupa ya mililita 60, ukitoa mililita 5 mara tatu kwa siku, unatumia mililita 15 kila siku, kwa hiyo inakaa siku nne. Kijiko cha chai kwa kipimo ni mililita 5. Kijiko cha chakula ni mililita 15. Bibi alikuwa anatoa mililita 15 kila mara, ndiyo maana chupa ilikauka kwenye dozi ya nne. Mtoto alipewa mara tatu ya alichoandikiwa, na paracetamol ikizidi huumiza ini. Alilazwa, akapimwa damu, akaangaliwa kwa siku mbili, akaruhusiwa. Anacheza sasa. Bibi ndiye bado hajajisamehe, na mimi nasema kosa halikuwa lake. Aliambiwa "kijiko", na kijiko alikitumia.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo nakushauri na wewe ulifanye. Nilikuwa na bomba la sindano lisilo na sindano, lile la kunyweshea watoto dawa, lenye alama za mililita. Nikatoa vijiko vyote vya chai vilivyomo kwenye droo na kuvijaza maji kimoja baada ya kingine kwa bomba lile. Kimoja kilichukua mililita 3. Viwili vilichukua karibu 4. Kile kizuri chenye mpini wa maua, ambacho ndicho nimewanyweshea wanangu wote dawa tangu wachanga, kilichukua zaidi ya 6. Hakuna hata kimoja kilichokuwa 5 kamili. Vya chakula navyo vilikuwa na tofauti zao. Mtengeneza vijiko hana wasiwasi na dawa yako. Anatengeneza kitu cha kukorogea chai.

Basi dawa ya maji pima kwa kile kilichokuja nayo: kijiko cha plastiki chenye alama, kikombe kidogo au bomba. Kama hakikuja, omba. Na mnapoachiana mtoto, achaneni na neno kijiko. Semeni mililita, au chora mstari wa kalamu kwenye bomba na useme "mpaka hapa".

Kuna mengine mawili kwenye lebo ya dawa ambayo hutupita. Utaona imeandikwa, kwa mfano, 120 mg/5 ml. Miligramu ni uzito wa dawa yenyewe, mililita ni wingi wa maji yaliyoibeba. Maana yake ni kwamba ndani ya kila mililita 5 za maji yale matamu mmeyeyushwa miligramu 120 za dawa. Huwezi kumpa mtoto "mililita 120" kwa sababu umeona 120 kwenye chupa. Hiyo ni chupa mbili nzima za 60. La pili ni nukta. 2.5 ml na 25 ml zinatofautiana kwa kitone kimoja cha wino, na wino hufifia. Ukiandikiwa nusu ya mililita, mwombe mtoa huduma aandike 0.5 na si .5 peke yake, kwa sababu nukta ya mwanzoni ikifutika inabaki 5, mara kumi zaidi. Usione haya kumsomea kwa sauti alichoandika ili athibitishe.

ORS nayo ina mtego wake. Pakiti nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi, lakini zipo za kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo soma pakiti uliyonayo mkononi. Nyumbani wengi tuna chupa tupu za maji za lita moja na nusu, na mama akiwa na mtoto anayeharisha saa nane usiku anajaza ile chupa mpaka shingoni na kumimina pakiti ya lita 1. Hapo dawa imekuwa nyepesi. Mwingine anatumia ya nusu lita, dawa inakuwa kali, chumvi inazidi, na hilo ni baya zaidi. Chupa ya lita moja na nusu ina mililita 1,500. Unazotaka ni 1,000, yaani theluthi mbili. Pima mara moja mchana ukiwa umetulia: mimina chupa mbili za mililita 500 ndani yake, piga alama kwa rangi ya kucha, iweke kabatini.

Chagua kipimo kwanza

Nilirudi kwenye daftari la mwanangu nikagundua kuwa swali la kwanza, lile la kuchagua, ndilo sisi wazazi tunaliruka. Tunakimbilia kubadili: mita kwenda sentimita, lita kwenda mililita, zidisha mia, gawanya elfu. Mtoto anakariri ngazi ya kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita kama anavyokariri shairi, lakini ukimwonyesha meza hajui aanzie wapi.

Kuchagua ni kujiuliza: nikikosea kidogo, nitaumia kiasi gani? Safari ya Dar es Salaam kwenda Morogoro unaisema kwa kilomita, na kilomita moja ikizidi au kupungua hakuna atakayelala njaa. Kitambaa cha pazia unakisema kwa mita, ila dirisha lenyewe pima kwa sentimita. Kioo cha dirisha hilohilo fundi anakipima kwa milimita, maana kikizidi milimita tatu hakiingii. Ndiyo sababu ramani ya nyumba huandika mlango 900 bila neno lolote mbele: ni milimita, na wachoraji wamezichagua ili kusiwe na nukta za kupotea njiani.

Angalia reli zetu. Reli ya Kati, iliyojengwa enzi za Mjerumani, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, mita moja kamili. Reli ya TAZARA ina milimita 1,067. Mtu wa kupima kwa mita angesema zote ni mita moja na akalala usingizi. Hizo milimita 67 hazizidi urefu wa kidole, lakini zinatosha kuzuia behewa la reli moja lisipite kwenye nyingine, na ndiyo maana Kidatu kuna kituo cha kuhamisha mizigo kutoka reli hii kwenda ile.

Wazee wetu nao walichagua. Kwa urefu walikuwa na shibiri, yaani kiganja kilichotanuliwa, na dhiraa, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole. Dhiraa mbili zilifanya wari, na nne zilifanya pima. Kwa nafaka, vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Pishi ni kipimo cha ujazo, si cha uzito, na ndiyo maana kila mwisho wa Ramadhani watu huulizana pishi ya zakatul-fitri ni kilo ngapi: pishi ya mchele na pishi ya maharage hazilingani kwenye mizani. Tatizo la dhiraa ni kwamba ilitegemea mkono wa nani anayepima. Muuza kitambaa mwenye mkono mfupi hakuwa na haraka ya kuurefusha.

Baada ya kuchagua, kubadili ni kuchenji hela tu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia mwanangu na akaelewa pale ambapo ngazi ilimshinda. Ukichenji noti ya elfu kumi upate sarafu za mia tano, unapata sarafu ishirini. Vipande vimekuwa vingi, hela ni ileile. Mita moja ukiichenji kwa sentimita unapata 100, kwa milimita unapata 1,000. Kwenda kwenye kipimo kidogo namba inakua, unazidisha. Kwenda kwenye kikubwa namba inapungua, unagawanya. Akipata jibu kwamba penseli ya sentimita 15 ni sawa na mita 1,500, asitafute kosa kwenye ngazi. Aitazame penseli.

Yadi, futi na mita dukani

Shule inafundisha mita, mtaa unaongea futi. Godoro ni tano kwa sita, bati ni futi kumi, mbao ni mbili kwa nne, na fundi cherehani akikwambia kiuno chako ni 32 anasema inchi. Huwezi kuukwepa mtaa, kwa hiyo ni heri mtoto ajue kuwa inchi moja ni sentimita 2.54, futi moja ni sentimita 30.48 na yadi moja ni sentimita 91.44.

Yadi ndiyo inayotugharimu. Fundi anakwambia lete mita sita za kitambaa kwa gauni la harusi, unakwenda dukani, muuzaji anakukatia yadi sita na wote mnaita "sita". Yadi sita ni mita 5.49. Umepungukiwa na nusu mita na kidogo, na hiyo nusu mita ndiyo mikono ya gauni. Fundi atakulaumu wewe, wewe utamlaumu fundi kwamba ameiba kitambaa, na urafiki wa miaka kumi utavunjika kwa sababu ya neno ambalo hamkulitamka. Muulize muuzaji kabla hajaweka mkasi: unapima yadi au mita?

Futikamba ya fundi ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Mpe mtoto acheze nayo. Apime godoro la tano kwa sita aone kuwa ni kama sentimita 152 kwa 183, kisha apime chumba chake. Ukinunua kabati au jokofu mtandaoni, vipimo huja kwa milimita: 600 ni sentimita 60. Pima upana wa mlango kabla hujalipa, na ukiupima, pima nafasi anayopita mtu, si fremu.

Maji ya bomba na maji ya mvua

Ankara ya maji huja na uniti, na wengi wetu tunalipa bila kujua tumenunua nini. Uniti moja ni mita moja ya ujazo: sanduku lenye urefu, upana na kina cha mita moja. Ndani yake mnaingia lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Sasa piga hesabu ya mtaani. Kama dumu moja unanunua kwa shilingi 300, uniti moja ya maji ya dumu inakugharimu shilingi 15,000. Weka namba hiyo pembeni ya bei ya uniti iliyoandikwa kwenye ankara ya jirani mwenye bomba, halafu utaona kama ile gharama ya kuvuta maji ni kubwa kama ulivyodhani.

Bomba linalovuja nalo lichenji. Weka kikombe cha robo lita chini ya koki. Kikijaa kwa saa moja, hiyo ni lita 6 kwa siku, lita 180 kwa mwezi, madumu tisa. Unayalipia.

Hapa kwenye ujazo ndipo hata watu wazima tunateleza. Mita ina sentimita 100, kwa hiyo tunadhani mita ya ujazo ina sentimita za ujazo 100. Hapana. Unachenji mara tatu, kwa urefu, kwa upana na kwa kina: 100 mara 100 mara 100, ambayo ni milioni moja. Sentimita ya ujazo ni kijisanduku chenye ukubwa kama wa dado ndogo ya ludo, na ni sawasawa na mililita moja. Zile "cc" za nesi anapovuta sindano ni hizohizo. Na za bodaboda pia: pikipiki ya cc 150 ina nafasi ya mililita 150 ndani ya silinda yake, haifiki nusu ya chupa ya soda ya mililita 350. Mwanangu aliposikia hili alikataa kabisa, mpaka leo anaona nimemdanganya.

Kwa anayejenga tangi la chini, hesabu ni hiyohiyo. Shimo la mita 2 kwa mita 1.5, kina mita 1.5, linabeba mita za ujazo 4.5, yaani lita 4,500. Boza la lita 10,000 likija, zaidi ya nusu halina pa kwenda. Na hizo mita ni za ndani ya tangi baada ya kuta na plasta, si za shimo alilochimba fundi. Ukuta wa tofali unakula nafasi kila upande, na nimeona mtu akilipia tangi la lita elfu tano akapata la elfu tatu na kitu bila yeyote kumdhulumu.

Kuna badiliko moja ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linaunganisha urefu na ujazo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua kwa milimita. Milimita za nini? Ni kina cha maji ambayo yangesimama pale yalipoangukia kama yasingetiririka wala kunywewa na ardhi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa lenye mita 8 kwa 10 lina mita za mraba 80, hivyo mvua ya milimita 30 inaliangushia lita 2,400, madumu 120. Sehemu itapotea kwa kumwagika na kufurika mfereji, tuseme unabaki na madumu 90. Bado hujamlipa mtu. Ukikosa kipimo cha mvua, weka uani chombo chenye kuta zilizonyooka wima, kama kopo la rangi, na asubuhi zamisha rula ndani. Milimita unazosoma ndizo lita zilizoanguka kwenye kila mita ya mraba ya paa lako.

Mwanangu alifuta jibu la swali la pili, akaandika mililita. Kisha akaenda kupima mlango kwa futikamba yangu, akasimama juu ya kiti, akarudi na 203. Nikamuuliza 203 nini. Akarudi mlangoni kuangalia ni upande gani wa futikamba alioutumia.